Rukuu ya Ampaya

Siku ya pili ya mafunzo ya uampaya wa besiboli pale Kibiti, Kocha Zawadi alifunga uzi kati ya miti miwili, akawapanga wanafunzi wake saba mbele yake, watu wazima na ndevu zao, akawaambia wachague mkao.

"Mdakaji kachuchumaa mbele yako," alisema. "Mpigaji yuko pembeni na gongo lake. Mpira unakuja. Kazi yako ni moja, kusema umepita dirishani au haukupita. Dirisha lenyewe halionekani. Linaanzia magotini mwa mpigaji, linaishia kifuani, na upana wake ni upana wa hom."

Hom ni kile kibao cheupe cha pembe tano kinacholazwa chini. Kocha Zawadi alikigonga kwa ncha ya kiatu.

"Macho yako yakishuka, dirisha linashuka. Yakipanda, linapanda, na mtoto wa watu anaonewa. Kwenye mchezo mmoja utainama mara mia mbili. Nataka mkao ambao mwili wako utaurudia mara mia mbili bila kukuomba ruhusa. Usikuumize na usiwe wa maringo. Haya, chagueni."

Wakachagua. Wote saba, bila hata kutupiana jicho, waliweka viganja magotini, wakanyoosha migongo ikawa kama meza, wakatulia.

Kocha Zawadi aliletwa na chama cha besiboli kutoka Dar es Salaam, na Jumapili zake ni za kanisani. Alizunguka ule mstari wa migongo mara mbili. "Nani kawafundisha hivi?" aliuliza. "Mbona mko sawa wote?"

Kisha mmoja, akiwa bado kainama, akajibu, "Tunamsubiri imamu, Kocha."

Wakacheka mpaka mstari ukavunjika. Ile ilikuwa rukuu, ule mwinamo wa katikati ya sala. Mtu wa Kibiti ukimwambia atulize mgongo, hana mahali pengine pa kuupeleka. Tangu ana miaka saba mikono yake inajua njia ya magotini.

Aliyewashinda wote alikuwa Haidari Mwinyimvua wa Mahege, mwalimu wa kujitolea wa Jiografia, kijana mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeomba radhi hata akiomba chumvi. Alipoinama mbele ya uzi, ambao Kocha aliufunga uwe kipimo cha kidevu, kidevu chake kiliugusa. Akasimama, akainama tena, kikagusa. Mara ishirini kwa ishirini. Kocha akamfunga macho kwa kitambaa, kikagusa. Siku hiyohiyo akamkabidhi kinyago cha chuma na kinga ya kifua, akamwambia mechi za Kibiti zote nyuma ya hom ni zake.

Haidari hakueleza siri yake kwa sababu hakuona kama ni siri. Baba yake, Mzee Mwinyimvua, alikuwa muadhini kwa miaka thelathini, na hakuwa mtu wa kusali robo robo. Alimfundisha mwanawe rukuu kwa bakuli. Anajaza maji nusu, analiweka juu ya mgongo wa mtoto, na mtoto hainuki mpaka maji yatulie. Maji yakimwagika, wanaanza upya. Haidari alilowa sana mwaka ule. Mwaka uliofuata hakulowa tena.

Lakini mzee mwenyewe sasa hakuwa na rukuu. Mwaka wa mafuriko makubwa alikwenda bondeni Ngorongo kulinda mpunga kidogo uliosalimika, akapanda dungu lake, kile kibanda cha miguu mirefu cha kufukuzia ndege. Ngazi ilikuwa imelala majini wiki tatu na imeoza kwa ndani. Ikamwachia kwenye daraja la mwisho. Hospitali walimrudisha akiwa hai, na kiuno kisichokunjika. Haidari akamhamishia kwake Mahege. Hawezi kuinuka kitandani peke yake. Akishasimamishwa anajikongoja kwa fimbo hatua kumi, kumi na tano. Sala zake ni za kwenye kiti. Na mara tano kwa siku, wakati wa udhu ukifika, Haidari ndiye aliyemnyanyua. Akiwa shule, mkewe Habiba alimwita jirani yao Mohamedi, fundi baiskeli, lakini mzee hakumpenda Mohamedi kwa kazi ile. Alisema ananyanyua watu kama anavyonyanyua baiskeli.

Mechi ya kwanza ilipotangazwa, Mzee Mwinyimvua mwenyewe ndiye aliyeomba kupelekwa. "Nataka nikaione hiyo kazi ya kuvaa chuma usoni," alisema.

Habiba akakodi bajaji, akampakia kwa msaada wa dereva pamoja na kiti chake cha plastiki, akamweka kivulini kando ya uwanja wa shule. Uwanja ule ulipimwa ili jua la jioni lisimchome mpigaji machoni, kwa hiyo mrushaji anasimama upande wa kaskazini na ampaya anamtazama. Kaskazini ya Kibiti ndiko kibla kiliko. Hakuna aliyelifikiria hilo, Haidari wala nani.

Mchezo ukaanza. Mrushaji akajikunja, Haidari akaweka viganja magotini, mgongo ukalala. Mpira ukapita, akasimama, akanyoosha mkono. "Straiki," yaani umepita dirishani. Akainama tena. "Bol," yaani haukupita. Akainama tena. Wanafunzi walishangilia vitu wasivyovielewa vizuri. Kocha Zawadi, pembeni, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Zamu ya tatu haijaisha, Mzee Mwinyimvua akamgusa Habiba kwa fimbo. "Nirudishe."

"Baba, bado zamu nne."

"Nirudishe, mwanangu."

Jioni Haidari alirudi na vumbi lake na furaha yake. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

Magharibi ilipokaribia, Haidari aliingia chumbani kumnyanyua kama kawaida. Mzee akalaza fimbo kati yao.

"Kamwite Mohamedi."

Haidari alidhani ni mzaha, maana baba yake alikuwa na mizaha ya aina hiyo. Alisimama pale na mikono mbele, akisubiri kicheko. Kisha akaenda kumwita Mohamedi.

Ikawa hivyo siku ya pili, na siku ya tatu. Mohamedi alikuja kila adhana na mikono yenye grisi, akamkamata mzee kwapani, akamvuta, na mzee akauma meno kimya. Haidari alikaa ukumbini akisikia kitanda kinavyolia. Siku ya tatu alishindwa, akaingia akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, nimekosa nini?"

Mzee Mwinyimvua aliangalia ukuta. "Mimi mwaka wa pili huu sijarukuu," alisema. "Naashiria kwa kichwa kama mjusi. Kila sala namwomba Mungu anirudishie moja, moja tu, nikaiweke vizuri. Wewe kumbe unazo za kugawa. Nilizihesabu. Arobaini na tatu nikachoka. Arobaini na tatu, Haidari, umeelekea kibla, kwa ajili ya mpira." Akamgeukia. "Lile bakuli nilikuwekea kwa hilo?"

Haidari alifanya kama mwalimu yeyote aliyekwama, alikimbilia kwa mwalimu mwenzake. Alikwenda madrasa kwa Ustadh Mudrick. Ustadh alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama anatamka chochote anapoinama. Haidari akasema anatamka "straiki."

"Basi hujasali," alisema Ustadh Mudrick. "Umeinama tu. Kuinama kila mtu anainama. Mama zetu wanapandikiza mpunga wameinama kutwa, na shamba halijui kibla kiko wapi. Nenda, huna dhambi."

Haidari alirudi na ruhusa yake, akaifikisha kitandani neno kwa neno.

"Mimi sikuuliza hukumu," alisema baba yake. "Hukumu hiyo naijua kabla Mudrick hajaota meno."

Hapo ndipo Haidari alipoelewa kwamba jambo lile halikuwa la kitabu. Alikuwa amekichukua kitu ambacho baba yake alikililia kila siku, akakitumia uwanjani kama mtu anayefutia meza kanga ya marehemu. Hakuna kosa lililoandikwa, na bado ilikuwa vibaya.

Akaamua kutafuta mkao mwingine. Jumamosi ilikuwa mechi na Ikwiriri, na mshindi anakwenda Dar es Salaam. Siku tano. Akafunga uzi uani, kutoka nguzo ya bafu hadi mnazi, akaanza.

Alijaribu kuchuchumaa. Habiba, akipepeta mchele barazani, alimtazama kwa muda. "Baba Yasmin, choo kiko nyuma yako," alisema.

Alijaribu goti moja chini. Mara sita kidevu kilikuwa kwenye uzi, mara ya saba goti likakataa kuinuka, Habiba akaacha ungo akaenda kumvuta. Alijaribu kusimama wima na kupinda shingo tu. Dirisha zima likapotea, akawa anaona kofia ya mdakaji. Alijaribu mikono nyuma, kama mkaguzi wa elimu. Kidevu kilipita juu ya uzi, kikapita chini, kikapita kila mahali isipokuwa pale. Na kila alipochoka, bila kujua, viganja vilirudi magotini na mgongo ukalala sawasawa. Hapo alishtuka, akasimama haraka, akageuka kuangalia dirisha la chumba cha baba yake.

Jumatano jioni alimpigia Kocha Zawadi, akamweleza yote.

"Pole, Haidari," alisema Kocha. "Sina la kumwambia mzee. Lakini Jumamosi nakuja na uzi wangu. Kidevu kikihama, nitamweka mwenzako wa mafunzo, Abbasi. Siyo adhabu. Wale watoto wanategemea macho yako, hawana kingine."

"Mweke Abbasi tu, Kocha," alisema Haidari.

"Nitaamua Jumamosi."

Akakata simu, akakifunga kinyago ndani ya mfuko wa rambo tayari kukirudisha. Chuma kilikuwa na pa kurudishwa. Mkono wa baba yake shingoni mwake ndio hakujua aurudishe vipi.

Alhamisi alfajiri Mohamedi hakuja. Mkewe alipita kusema mumewe kaondoka usiku kwenda Chumbi, shemeji yake anavuna mpunga na mvua imetanda. Haidari alikuwa kasharudi msikitini. Alikaa ukumbini, mikono mapajani. Chumbani mzee alikohoa. Nje giza lilianza kuwa kijivu, kisha kijivu kikaanza kuwa cheupe, na wakati wa sala ya alfajiri haumsubiri mtu. Haidari alitamani kuingia na akaogopa ile fimbo. Alisikia kitanda kikilia, kikanyamaza, kikalia tena. Baba yake alikuwa anajaribu mwenyewe.

Kisha sauti. "Haidari."

"Labeka baba."

"Jua linatoka."

Aliingia. Fimbo ilikuwa chini, imeanguka au imewekwa. Hakuuliza. Miguu yake ilikwenda yenyewe, wa kushoto mbele, kati ya nyayo za baba yake, wa kulia nyuma na pembeni kidogo. Magoti yakapinda. Mgongo haukulala, ulibaki umesimama. Mkono wa kushoto ukapita chini ya kwapa la mzee, wa kulia ukashika mkanda wa shuka kwa nyuma. Mzee akamkumbatia shingo. Wakasema bismillahi kwa pamoja kama walivyosema kila siku kwa miaka miwili, na kwa sekunde moja kabla ya kuinuka nyuso zao zilikuwa sawa kabisa, jicho kwa jicho. Kisha wakainuka. Mzee hakuuma meno.

Haidari alimpeleka bafuni, akamshikia kopo, akamrudisha kwenye kiti kilichoelekea kibla, akatoka ili asali. Aliporudi kutandika kitanda, mwanga ulikuwa umeingia dirishani na kulala sakafuni. Sakafu ya chumba kile ni ya udongo. Kando ya kitanda palikuwa na mashimo mawili madogo, kina cha kidole gumba. Moja mbele, moja nyuma na pembeni kidogo.

Aliyatazama kwa muda mrefu. Kisha akatia miguu yake ndani, ikakaa kama ndizi kwenye ganda lake. Akapinda magoti. Mkono wa kushoto, kwa kukosa mtu wa kumshika, ukajikunja tumboni. Wa kulia ukatua juu ya paja.

Habiba alisimama mlangoni na chai ya mzee. "Unacheza muziki na nani humo?"

"Lete uzi."

"Uzi gani tena asubuhi hii?"

"Habiba, lete uzi."

Akauleta, akaushika mwenyewe, ncha moja kwenye tundu la dirisha, nyingine mkononi. Haidari akasimama wima, akashuka. Kidevu kikagusa. Akatoka chumbani kabisa, akazunguka uani, akarudi, akatia miguu, akashuka. Kikagusa. Mara kumi. Habiba alianza na mzaha mdomoni, na kufikia mara ya sita mzaha ulikuwa umekwisha. Mzee Mwinyimvua, kwenye kiti chake, alikuwa katika tasbihi. Kidole kilisimama juu ya punje moja, kikakaa hapo. Kisha akaendelea kuhesabu.

Haidari akakata ufito, akapima kutoka shimo hadi shimo, akautia alama.

Siku ile hakuwa na kipindi shuleni, na adhuhuri mzee alimwita yeye. Alasiri pia. Lakini ilikuwa ni kuitwa tu, bila mazungumzo, na Haidari hakujua kama amesamehewa au Mohamedi bado yuko Chumbi.

Jumamosi asubuhi, akifunga kamba za viatu barazani, alisikia kutoka ndani, "Hilo gongo leo linapigwa saa ngapi?"

"Saa tisa, baba."

Haidari akaondoka.

Nyuma ya hom alilaza ufito chini, akachimba kwa kisigino alama mbili ndogo vumbini. Kocha Zawadi akafunga uzi wake. Mara ishirini kwa ishirini. Akamfunga macho. Ishirini kwa ishirini.

"Huu umeutoa wapi?" aliuliza.

"Nyumbani."

Kocha alimtazama kama anayetaka kuuliza zaidi, akaghairi, akamfunga mkanda wa kinyago kwa nyuma.

Mchezo ulikwenda kama foleni ya maji, mtu hapati nafasi kirahisi. Ikwiriri wakapata moja, Kibiti wakapata moja, Ikwiriri wakaongeza. Haidari hakuwa anahesabu. Alishuka, mpira ukaja, akasema alichokiona. Katika zamu ya nne alipogeuka kufuta vumbi juu ya hom, aliona bajaji imesimama, na Habiba anashusha kiti cha plastiki. Akajiambia asiangalie tena. Akatia miguu kwenye alama zake na kushuka, na mkono wa kushoto ukajikunja tumboni pale pale.

Zamu ya mwisho Kibiti walikuwa nyuma kwa moja, besi zote tatu, vile vituo vya wakimbiaji, zina watu, wawili wameshatolewa na wa tatu anafunga mchezo. Akaingia Maimuna wa kidato cha tatu, mwanafunzi wake mwenyewe, yule anayejibu maswali ya mito na milima kabla hayajaisha. Straiki mbili. Bol tatu. Uwanja mzima ulisimama. Haidari akimpa bol ya nne, kila mtu anasogea besi moja, wa besi ya tatu anarudi hom na mechi inakuwa sare. Akimpa straiki ya tatu, ametoka, na Kibiti wanabaki Kibiti.

Mrushaji wa Ikwiriri akajikunja. Haidari akashuka. Mpira ulitoka mkononi ukaja chini, chini sana, na Maimuna akaona unakwenda ardhini akaacha gongo begani. Haidari aliuona njia nzima. Haukuzama. Ulipita juu ya hom kwenye usawa wa goti la Maimuna, juu ya mfupa wenyewe, ukaingia kwenye glavu ya mdakaji.

Mkono wake ukanyooka. "Straiki."

Uwanja ukaguna kwa pamoja. "Ticha, huyo si mwanafunzi wako?" mtu aliita kutoka nyuma. Ikwiriri wakakimbia katikati wakirukiana.

Maimuna hakutoka mahali pake. "Ticha, ule?"

"Ule, Maimuna. Ulipita gotini."

Aliangalia goti lake kana kwamba mpira umeacha alama pale. "Nilidhani unashuka," alisema, akaburuta gongo kwenda kwa wenzake.

Haidari alivua kinyago. Kiti cha plastiki hakikuwepo tena, wala bajaji.

Alirudi kwa miguu, polepole kuliko ilivyolazimu. Habiba alikuwa uani anakuna nazi, akamwonyesha chumbani kwa kichwa. Mzee Mwinyimvua alikuwa kitandani, kanzu safi, kofia kichwani, fimbo imeegemezwa ukutani, mbali na mkono.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ule mpira wa mwisho ulikuwa chini."

"Ulipita gotini, baba."

"Mimi nilikuwa pembeni, nimeuona. Ulikuwa chini."

"Mimi nilikuwa nyuma yake."

Mzee akamkazia macho. "Una hakika? Watoto wa watu wamelia kwenye njia nzima ya Mahege. Una hakika?"

"Nina hakika."

Baba yake alivuta pumzi, akaitoa. "Ulisimama kama unaninyanyua mimi," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nilihesabu mpaka thelathini. Nikaona hakuna haja." Adhana ya magharibi ikaanza kwa mbali, na kidogo ikamkera, maana muadhini mpya anavuta mahali pasipotakiwa kuvutwa. Akanyoosha mikono yote miwili mbele yake. "Haya, nisimamishe. Huyu akimaliza kukwaruza watu masikio, tutasali hapahapa."

Miguu ya Haidari ikaingia kwenye mashimo yake. Bismillahi. Wakainuka.

Walitawadha, wakasali chumbani, mzee kwenye kiti akiwa imamu, Haidari amesimama kuliani kwake, Habiba nyuma yao. Sauti ya mzee ilikuwa ileile ya miaka thelathini, imechakaa tu ukingoni. Alipotoa takbiri ya rukuu aliinamisha kichwa mpaka pale mwili ulipomruhusu, akakaa hapo kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Haidari akaweka viganja magotini. Mgongo ukalala, tambarare, ungeweza kuweka bakuli. Hakuna mpira uliokuwa unakuja.